Hati ya babu haitaki plastiki

Kasha la zamani lenye hati likifunguliwa Pate, Siyu, Faza au Amu, katika visiwa vya Lamu, swali la kwanza huwa lilelile: "Tuipeleke laminesheni?" Hapana. Usiipeleke. Hati nyingi za visiwa hivi zimemalizwa na watu wanaozipenda.

Dhana: laminesheni huilinda hati. Mashine ile huyeyusha gundi ya plastiki kwa joto la zaidi ya nyuzijoto 100 na kuikandamiza mpaka ikashikana na karatasi. Ikishashika haitoki, ukijaribu kuibandua, wino unakuja nayo. Hewa ya Amu ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo karatasi imefungiwa humo na unyevu wake pamoja na asidi yake, na inaendelea kuchakaa ndani kwa ndani huku mwenyewe akiona inang'aa. Kingo zikianza kuachana, ukungu unaingia, na hapo huna pa kushika.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Karatasi nyingi za karne ya 19 zilizofika pwani yetu zilitengenezwa Italia. Ukiinua moja kwenye mwanga wa dirisha, mara nyingi utaona ndani yake hilali tatu zilizopangwa kutoka kubwa hadi ndogo. Alama kama hiyo, unene wa karatasi, namna wino ulivyokaa juu yake: ndivyo umri wa hati isiyo na tarehe unavyokadiriwa. Karatasi iliyovishwa plastiki haipimiki unene wala haipapasiki. Selotepu nayo ni adui yuleyule, gundi yake hugeuka kahawia na kupenya hadi upande wa pili.

Cha kufanya ni kidogo na rahisi. Nawa mikono, ikauke kabisa. Pangusa vumbi kwa brashi laini ya rangi, kutoka katikati kwenda ukingoni; usilowanishe kidole kufunua kurasa. Funga hati kwa bafta (kitambaa chembamba cha pamba) nyeupe iliyofuliwa mara mbili bila wanga. Maelezo yaandike kwa penseli kwenye bahasha ya nje, kamwe si kwa kalamu ya wino juu ya hati. Kasha liinue angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na liwe mbali na ukuta wa nje, maana ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji. Likague kila kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu kidogo kuliko miezi mingine. Hati ikilowa, una takriban saa 48 kabla ya ukungu: tenganisha kurasa kivulini, feni ielekezwe pembeni. Usianike juani, usipige pasi. Kurasa zikiwa nyingi kuliko uwezo wako, zitie ndani ya mfuko na uziweke kwenye friza mpaka upate msaada.

Dhana: "Imeandikwa Kiarabu, ni mambo ya dini, tuizike." Herufi za Kiarabu si lazima lugha iwe Kiarabu. Utendi wa Tambuka, shairi refu la masimulizi lililotungwa Pate, wa mwaka 1728, uliandikwa hivyo, na hivyohivyo barua za biashara, mikataba ya mashamba na dawa za miti. Maandishi yakiwa yamepangwa vipande vinne vinne kwa kila ubeti, yaelekea ni utendi. Kabla ya kuzika au kuchoma, mwonyeshe mtu anayesoma Kiswahili cha herufi hizo.

Dhana: "Nimeituma WhatsApp, imehifadhika." Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, na kinachopotea mwanzo ni nukta za herufi. Bila nukta, herufi ba, ta na nuni zikiwa mwanzoni au katikati ya neno hazitofautiki. Na waandishi wa zamani walishaitumia ba moja kwa b, p na mb. Tuma kama faili. Piga kando ya dirisha bila flashi, simu ikae sambamba na ukurasa, rula ionekane, na usiruke jalada wala ukurasa mtupu. Tunza nakala tatu, moja iwe nje ya kisiwa.

Dhana: "Historia ya Pate imeshaandikwa yote." Nakala ya Habari za Pate, yaani historia ya watawala wa Pate, iliyokuwa mji wa Witu ilipotea Waingereza walipoushambulia mji huo mwaka 1890. Zilizobaki ni matoleo kadhaa, baadhi yametokana na masimulizi ya Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa watawala hao, na hayakubaliani kwa majina wala miaka ya watawala. Ndiyo maana hata karatasi ya deni yenye tarehe ya hijria na jina la mfalme ina thamani kubwa: inaweza kusahihisha orodha nzima.

Dhana: saruji huimarisha nyumba na makaburi ya kale. Saruji huzuia ukuta kupumua, chumvi inajikusanya nyuma yake, plasta inabanduka na kuondoka na nakshi. Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga usio na chumvi, na uimwagilie kidogo kidogo kwa siku kadhaa isikauke ghafla.