Kompyuta mpakato: maneno ya kaunta na ukweli wa mashine

Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zimeshafanya kazi kwingine. Zilikaa kwenye ofisi za Ulaya na Marekani miaka kadhaa, ofisi ikabadilisha vifaa vyake kwa mkupuo, na zile za zamani zikauzwa kwa jumla. Ni biashara yenye manufaa makubwa. Bila hiyo, wanafunzi wengi wa vyuo wangeandika tasnifu zao kwenye simu. Lakini imezaa maneno yanayotoka kaunta hadi kaunta bila mtu kuyapima, na mzazi anayemnunulia mwanawe mashine ya kwendea chuo ndiye anayeyalipia. Mengi ya maneno hayo unaweza kuyapima mwenyewe palepale dukani, bila fundi wala bisibisi.

"Hii ni i7, bosi, huwezi kuilinganisha na i5"

Hili ndilo linalowagharimu watu zaidi. i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja cha prosesa za Intel, yaani chipu inayoendesha kazi zote za kompyuta. Hayakuwekwa ili kulinganisha prosesa ya 2013 na ya 2017. i7-4600U ilitoka 2013 ikiwa na viini viwili, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba. i5-8250U ilitoka 2017 ikiwa na viini vinne, na zote mbili zimepangiwa kiwango kilekile cha umeme, wati 15. Fungua kurasa kumi za intaneti, hati ya Word na mkutano wa Zoom kwa pamoja, utaona hiyo i5 inavyoiacha mbali ile i7. Mnunuzi aliyeongeza pesa ili apate i7 ya zamani amenunua jina.

Stika iliyobandikwa pembeni ya kibodi isikushawishi. Ni karatasi, na huuzwa peke yake. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, bonyeza Enter, kisha tafuta mstari wa prosesa. Baada ya kistari utakuta namba: 4600U ni kizazi cha 4, 8250U ni cha 8, 10210U ni cha 10. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili za mwanzo hata kama zote ni nne, kwa hiyo 1135G7 ni kizazi cha 11. Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni ya matumizi madogo ya umeme, H ni ya kazi nzito kama kuhariri video, na Y ni ya mashine nyembamba sana zisizo na nguvu.

Ushauri wangu kwa anayenunua mashine iliyotumika leo ni kuanzia kizazi cha 8. Sababu ya kwanza ni hivyo viini vinne. Sababu ya pili ni kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inatambua rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho, ukiacha chache mno za kizazi cha 7. Madukani utakuta Windows 11 imeshawekwa kwenye mashine ya kizazi cha 4. Inawaka, inafungua kila kitu, na muuzaji anakuonyesha kwa fahari. Lakini imewekwa kwa njia ya mkato, na Microsoft haiahidi kuipelekea masasisho ya usalama. Kama utaitumia kwa benki au M-Pesa ya biashara, hilo si jambo dogo.

"Mpya ni mpya tu, ya mtumba itakusumbua"

Mpya yenye Celeron N4020 (prosesa ya bei ya chini ya Intel), RAM ya GB 4 (kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa) na hifadhi ya eMMC ya GB 64 (chipu ya kutunzia mafaili) ni mpya kweli, ina boksi na harufu ya plastiki. Ina viini viwili dhaifu, na mara nyingi RAM na hifadhi zote zimechomelewa kwenye bodi. Ikijaa, imejaa. Windows peke yake hula sehemu kubwa ya hizo GB 64, na masasisho yakija hayana pa kukaa.

Kwa bei isiyo mbali na hiyo unaweza kupata Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 au HP EliteBook 840 G5, zote za 2018. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi. Bawaba zake ni imara, kibodi inabadilishika, RAM na SSD (hifadhi ya kisasa ya mafaili) unaongeza mwenyewe, na vipuri vyake vimejaa mitaani kwa sababu zilitengenezwa nyingi. Mimi ningemnunulia mdogo wangu T480 iliyochunika pembeni kabla ya kumnunulia Celeron inayong'aa, bila kusita.

Ukiwa hapo, usivutwe na "TB 1" iliyoandikwa kwenye karatasi ya bei kabla hujauliza ni TB 1 ya nini. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayohama huku na huku kutafuta data. SSD haina kitu kinachotembea. Mashine ileile ikiwekewa SSD ya GB 256 huwaka kwa sekunde chache, wakati ile yenye diski ya sahani ya TB 1 inakupa muda wa kwenda kuchemsha chai. Nafasi ya ziada inanunulika baadaye kwa diski ya nje.

"Chaji saa kumi na mbili kwanza, halafu iache iishe kabisa"

Agizo hili lilikuwa na maana enzi za betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zikichajiwa zikiwa nusu mara kwa mara zilionekana kupoteza uwezo. Kompyuta za leo zina betri za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony. Hazihitaji kuzoeshwa. Mashine yenyewe hukata chaji ikijaa, hivyo saa kumi na mbili za mwanzo haziongezi kitu, na kuimaliza hadi sifuri kila siku huizeesha upesi.

Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba ukiiacha kwenye umeme mchana kutwa unaiua. Hapo kuna nusu ya ukweli. Haizidishiwi chaji, lakini betri ya lithiamu huchoka inapokaa imejaa asilimia 100 huku ina joto, na kompyuta iliyochomekwa mchana kutwa chumbani Dar mwezi wa Februari ina vyote viwili. Lenovo, Dell, HP na Asus wanayo mipangilio, ama kwenye programu zao ama kwenye BIOS (programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows), ya kuizuia isipite asilimia 80 hivi. Washa mpangilio huo kama unafanyia kazi mezani. Ukisafiri, uzime ili betri ijae.

Jambo la kupima kabla ya kulipa ni hili. Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Mashine itakuandikia ripoti na kukuonyesha faili lilipo. Lifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake leo. Tuseme wa kwanza unasoma 50,000 mWh na wa pili 31,000 mWh. Betri hiyo imebakiwa na asilimia 62, na sasa una hoja ya kushushia bei. Betri za kuiga huweza kujiandikia namba nzuri, kwa hiyo chomoa chaja, cheza video, endelea kukagua vitu vingine kwa robo saa, kisha rudi uangalie asilimia. Iliyoshuka kutoka 100 hadi 70 kwa robo saa imekwisha, hata ripoti iseme nini.

Betri iliyovimba haina mjadala. Ukiona tachipadi imeinuka au mfuniko wa chini hautulii mezani, zima mashine na usiichaji tena. Usiitoboe wala kuikandamiza irudi; inaweza kushika moto.

"Chaja yoyote inayoingia inafaa"

Tundu kuingiana hakutoshi. Geuza chaja usome maandishi madogo. Volti zifanane na zile za mashine, na ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisiwe chini. Chaja ya 19.5V na 3.34A inatoa wati 65, ya 19.5V na 4.62A inatoa wati 90. Mashine ya wati 65 ikiwekwa kwenye ile ya wati 90 haidhuriki, maana huchukua inachohitaji tu. Kinyume chake ndicho kinacholeta chaja ya moto kama pasi na betri isiyojaa.

Dell wana lao. Kichwa cha chaja zao za tundu la mviringo kina pini nyembamba katikati inayoitambulisha chaja kwa mashine. Pini ikipinda, au chaja ikiwa ya kuiga, mashine inakataa kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa makusudi. Mwenyewe anaona kompyuta imekuwa nzito ghafla, anaipeleka kwa fundi, inapigwa Windows upya, na bado ni nzito. Ugonjwa uko kwenye waya.

"Imekuwa nzito, itakuwa na virusi, tupige Windows upya"

Kupiga Windows upya kumekuwa dawa ya kila ugonjwa, na ni dawa inayofuta picha za harusi na sura tatu za utafiti wa mtu. Kabla ya kukubali, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager inafunguka na kukuonyesha safu za CPU, Memory na Disk. Iache mashine dakika chache bila kufanya kitu, kisha soma.

Disk ikiganda kwenye asilimia 100 huku hujafungua chochote, mara nyingi ni diski ya sahani iliyoelemewa au inayokufa. Hapo hamisha kazi zako leo hii, kisha weka SSD. Memory ikipita asilimia 90 kila unapofungua kivinjari, ndipo kuongeza RAM kuna maana. Anayeongeza RAM kwenye mashine ambayo Memory inasoma asilimia 50 haoni tofauti yoyote, halafu analaumu RAM. Na kama zote ziko chini ila mashine inaburuza, fungua ukurasa wa Performance uangalie kasi ya CPU huku ukiipa kazi. Prosesa ya GHz 1.6 inayobaki chini ya GHz 1 wakati inafanya kazi imebanwa, ama na chaja, ama na joto.

Joto kwetu ni habari ndefu. Prosesa ikikaribia nyuzijoto 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Vumbi la barabarani huingia kwenye feni na kutengeneza mkeka mzito kati ya feni na mapezi ya shaba, hewa haipiti. Ile pasta ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa nayo hukauka baada ya miaka. Kusafisha na kubadilisha pasta ni kazi ya fundi ya muda mfupi, na ndiyo huduma ambayo mashine iliyotumika inastahili kupewa kwanza. Ukipuliza vumbi mwenyewe, izime, kisha zuia feni kwa kijiti isizunguke kwa kasi ya upepo. Na usitumie kompyuta juu ya godoro; nyingi huvuta hewa kwa chini.

Virusi vipo, hasa vinavyobebwa na flashi za steshenari. Lakini tangu Windows 8, mwaka 2012, kinga inakuja ndani ya Windows yenyewe. Ukiisasisha, inawatosha watu wengi. Programu za kuvunja leseni zinazokuagiza "zima kinga kwanza" ndizo mlango mpana. Nazo zile programu za "kuharakisha kompyuta" ni mzigo mwingine juu ya mzigo. Na kubonyeza F5 mara ishirini kwenye skrini ya mwanzo ili kuiharakisha mashine huchora upya vialama vyake, basi.

"Imemwagikiwa chai? Iweke kwenye mchele"

Mchele hauvuti maji yaliyoko chini ya chipu. Kinachoua bodi ni umeme kukutana na kimiminika, halafu kutu. Shikilia kitufe cha kuwashia hadi izime, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, igeuze kibodi ielekee chini, na usiiwashe "kuona kama imepona". Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, aifungue na kuiosha bodi kwa alkoholi ya isopropili. Chai ya maziwa yenye sukari ni mbaya kuliko maji, kwa sababu huacha gundi inayoendelea kula madini. Siku tatu za mchele ni siku tatu za kutu.

"Nenosiri la BIOS si tatizo, na hiyo kampuni ni ya zamani tu"

Mashine za ofisi huweza kubaki zimefungwa kwa mwajiri wa kwanza. Katika kompyuta nyingi za ofisi, nenosiri la BIOS halitoki kwa kupiga Windows upya, wala kwa kutoa kile kibetri kidogo cha bodi. Kufuli la pili ni la usajili wa kampuni kwenye mfumo wa Microsoft. Hili hukaa kimya mpaka mashine iwekewe Windows upya ikiwa na intaneti, ndipo jina la kampuni fulani ya ng'ambo linatokea na kukutaka uingie kwa barua pepe yao. Wauzaji wengine huikwepa kwa kuweka Windows bila mtandao.

Kwa hiyo ingia BIOS ukiwa dukani (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad) uone kama inakudai nenosiri. Halafu omba Windows irudishwe mwanzo mbele yako, huku mashine imeunganishwa na data ya simu yako, hata kama itachukua saa nzima. Likitokea jina la kampuni, usikubali "nitakufungulia kesho". Chagua mashine nyingine, na kwenye risiti waandike namba ya utambulisho (serial number) ya ile uliyoichukua pamoja na muda wa kuirudisha.