"Nimeshavuta sigara miaka 30, kuacha sasa kuna faida gani?"

Kauli hii husikika sana kwa wavutaji wa makamo: mapafu yameshaungua, kuacha sasa ni kujitesa bure. Si kweli, na inaua watu ambao bado wangeweza kuokoka.

Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kufuatilia afya ya madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka 50. Walioendelea kuvuta walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Lakini aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijiongezea takriban miaka 3. Aliyeacha akiwa na 50, miaka 6. Akiwa na 40, miaka 9. Hata kwa babu, miaka 3 si kitu cha kudharau.

Mapafu yaliyokwisha haribika hayarudi upya, hilo ni kweli. Hata hivyo kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa sigara, hutoka kwenye damu ndani ya siku moja au mbili, na baada ya mwaka hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka kwa karibu nusu.

Wengi hurudi nyuma wiki ya kwanza. Hasira, usingizi wa mang'amung'amu, pengine kikohozi kuzidi, basi mtu anasema mwili umekataa. Haujakataa, ni uraibu wa nikotini, kilevi kilichomo kwenye sigara, na makali yake hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Bandiko la ngozini au jojo za nikotini husaidia kuzivuka wiki hizo. Muulize mfamasia.