Uwiano wa hewa na mafuta: cha kuelewa kabla ya kuongeza nguvu ya injini nyumbani

Uwiano wa hewa na mafuta ni kiasi cha hewa kinachoingia kwenye silinda kwa kila kipimo kimoja cha petroli, na vyote viwili hupimwa kwa uzito. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, pasibaki mafuta wala hewa ya oksijeni. Ndiyo maana utasikia watu wa kutyuni, yaani kurekebisha programu ya injini, wakitaja 14.7:1, au kwa kifupi lambda 1 (hewa iliyoingia ni sawasawa na hewa inayohitajika). Hewa ikizidi, tuseme 16:1, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Mafuta yakizidi, tuseme 12:1, unakuwa mzito.

Uzito huo unaficha jambo ambalo macho hayalioni. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, na lita moja ya hewa ya pwani ina gramu 1.2 tu. Kwa hiyo lita moja ya petroli ikiungua vizuri inameza lita zipatazo 9,000 za hewa. Mafuta kuingia kwenye injini ni rahisi. Kazi iko kwenye hewa, na ndiyo sababu karibu kila kifaa cha kuongeza nguvu kinachouzwa kinahusu hewa: eya klina ya wazi, bomba pana la egzosi, turbo kubwa (feni inayosukuma hewa kwa nguvu kwenye injini), intakula (kipozeo cha hewa hiyo). Mtu ananunua, anafunga mwenyewe Jumamosi, gari linapiga kelele nzuri, na anaamini kazi imekwisha. Hapo ndipo injini nyingi zinapoanza safari ya kufunguliwa, kwa sababu nguvu haitoki kwenye hewa peke yake. Hewa ikiongezeka, mafuta lazima yaifuate kwa uwiano uleule.

Nitatumia Subaru Impreza WRX kama mfano, yenye injini ya EJ20 ya lita 2.0, silinda nne zilizolala, na turbo. Impreza ilitoka mwaka 1992, na baada ya dereva Colin McRae kushinda Safari Rally nayo mwaka 1997, nchini Kenya gari hili likawa na wapenzi wasiohesabika. Ni gari linalofunguliwa boneti nyumbani kuliko magari mengi ya resi, na ni zuri kwa kufundishia kwa sababu linaonyesha tatizo hili waziwazi.

Kwanza, 14.7 si namba ya kila wakati. Ukiwa unatembea taratibu barabarani, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inajitahidi kukaa hapo, kwa kuwa ndipo kichujio cha moshi kwenye egzosi kinafanya kazi vizuri. Ukikanyaga hadi chini, hesabu inabadilika. Injini isiyo na turbo hutoa nguvu nyingi zaidi ikiwa kati ya 12.5 na 13. Yenye turbo hupelekwa kwenye uzito zaidi, mara nyingi kati ya 11 na 12. Petroli hiyo ya ziada haiungui yote. Inapogeuka kuwa mvuke inanyonya joto, silinda inapoa, na mlipuko unakuwa na utulivu. Kwa hiyo mchanganyiko mzito kiasi kwenye turbo ni ulinzi. Ukizidi sana nao una madhara yake: plagi zinakuwa nyeusi kama masizi, gari linamisi, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu hii hakuna tyuni. Injini ya lita 2.0 inajaza silinda zake zote mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika inajaza mara 3,000, yaani lita 6,000 za hewa, karibu kilo 7 kila dakika kwa makadirio ya pwani. Hiyo ni bila turbo kusukuma. Turbo ikisukuma shinikizo la bar 1 juu ya hewa ya kawaida, ndani ya injini kuna shinikizo la bar 2, na hata ukiondoa hasara ya joto unapata karibu kilo 13 za hewa kwa dakika. Gawanya kwa 11.5: unahitaji kilo 1.13 za petroli, yaani lita moja na nusu kwa dakika. Kila nozeli ya kupulizia petroli, moja kwa kila silinda, inatakiwa kumwaga cc 380 hivi kwa dakika.

Hapa tuiangalie nozeli kwa karibu. Haimwagi mafuta kama bomba lililo wazi. Inafunguka na kufunga, na kontrol boksi inaamua ikae wazi kwa muda gani. Kwenye mizunguko 6,000, muda wote uliopo kati ya mlipuko mmoja na unaofuata katika silinda hiyohiyo ni milisekunde 20 tu. Nozeli yenye uwezo wa cc 440 kwa dakika ikitakiwa kutoa cc 380 lazima ikae wazi asilimia 86 ya muda huo, milisekunde 17 na ushee. Mafundi makini hawapendi kupita asilimia 80 au 85. Zaidi ya hapo nozeli haina nafasi ya kufunga vizuri kabla ya kuitwa tena, kiasi inachomwaga hakiaminiki, na ikifika 100 haina cha kuongeza hata ukibadilisha programu yote. Kutoka hapo kila hewa inayoongezeka ni wepesi mtupu.

Nozeli nazo zinategemea shinikizo. Kwenye mifumo mingi, petroli husubiri nyuma ya nozeli kwa shinikizo la bar 3 zaidi ya lile lililoko kwenye manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Turbo ikisukuma bar 1, mafuta lazima yapande hadi bar 4, la sivyo tofauti inabaki bar 2 tu na nozeli inamwaga mafuta machache. Kazi hiyo hufanywa na regileta, kifaa cha kudhibiti shinikizo la mafuta, kupitia kimpira chembamba kinachounganishwa na manifoldi. Kimpira hicho kikichomoka au kikipasuka, gari litawaka asubuhi bila tatizo, litatembea mjini bila tatizo, na litakosa mafuta pale tu unapokanyaga. Nakitaja hapa kwa sababu ndicho cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Wengine hujaribu kukwepa kununua nozeli kwa kupandisha shinikizo la regileta. Inasaidia kidogo tu, kwani mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha shinikizo: kutoka bar 3 hadi 4 unapata nyongeza ya asilimia 15 tu, huku pampu ikielemewa. Na pampu kadiri inavyosukuma dhidi ya shinikizo kubwa ndivyo inavyotoa mafuta machache. Pampu ya lita 255 kwa saa, inayopendwa sana na watu wa Subaru, haitoi lita 255 ikiwa nyaya zake ni za zamani na umeme unaofika kwake umepungua.

Kontrol boksi inajuaje hewa iliyoingia? Kwenye WRX kuna sensa ya hewa ndani ya bomba, baada ya eya klina. Hiyo haihesabu hewa yote. Inapima sehemu ndogo inayopita mbele yake na kukisia iliyobaki kulingana na upana wa bomba la kiwandani. Ukifunga bomba pana zaidi la duka la vifaa vya resi, hewa ileile inapita polepole mbele ya sensa, sensa inaripoti pungufu, na kontrol boksi inamwaga mafuta pungufu. Ndiyo maana eya klina, kifaa kinachoonekana kisicho na hatari, kinaweza kuharibu zaidi kuliko egzosi. Ukiwa unatembea taratibu hutaona kitu, kwa sababu sensa ya oksijeni kwenye egzosi inarekebisha. Ukichomeka skana ya kawaida ya kusoma kontrol boksi utaona marekebisho ya muda mrefu yamepanda. Yakizidi asilimia 10 kuna hewa isiyohesabiwa, au mafuta hayatoshi. Ukikanyaga hadi chini marekebisho ya papo kwa papo ya sensa hiyo huachwa, na injini inafuata ramani iliyoandikwa ndani ya kontrol boksi. Ramani ikiwa na uongo, hakuna wa kuisahihisha.

Jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha Afrika Mashariki ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Springi ya wastegeti, mlango unaozuia turbo isisukume kupita kiasi, inapima busti (shinikizo la turbo) juu ya hewa ya mahali ulipo. Geji ikionyesha bar 1 Nairobi, ndani ya injini kuna bar 1.82. Geji ileile, bar 1 ileile, ukiwa Mombasa kuna bar 2. Rudi kwenye hesabu yetu: nozeli za cc 440 ambazo Nairobi zilikuwa zikifanya kazi kwa asilimia 79, bado ndani ya kiwango cha usalama, zinafika pwani zikifanya kazi kwa asilimia 85 au 86. Na kuna baya zaidi. Ramani ya kontrol boksi ni jedwali lenye visanduku, kila kimoja kikiwa cha mzunguko fulani na mzigo fulani wa hewa. Gari lililotyuniwa Nairobi halikuwahi kugusa visanduku vya juu, kwa hiyo hakuna aliyevijaribu. Linateremka Mombasa Road, linapita Voi, joto linapanda, na mara ya kwanza dereva anapokanyaga kule chini injini inaingia kwenye visanduku hivyo. Mtyuni wa Nairobi anayejua kazi yake huviandika kwa tahadhari: mafuta zaidi, na taimingi ya cheche iliyorudishwa nyuma, yaani plagi iwashe kwa kuchelewa kidogo. Muulize kabla hajafunga kompyuta yake.

Kinachoua injini yenyewe ni kugonga. Mchanganyiko mwepesi na joto vinasababisha sehemu ya hewa na petroli kujilipukia yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Mawimbi mawili yanagongana juu ya pistoni, na sauti yake ni kama changarawe inayotikiswa ndani ya mkebe, ingawa kwenye gari lenye egzosi ya resi hutaisikia. Kwenye familia ya injini za EJ, kinachovunjika kwanza mara nyingi ni ukingo mwembamba wa pistoni ulio kati ya ringi na ringi. Gari linaanza kula oili, linatoa moshi wa buluu, mgandamizo wa silinda moja unashuka. Oktani ya petroli, yaani uwezo wake wa kustahimili bila kujilipukia, inaingia hapa pia. WRX STI, toleo la WRX lenye nguvu zaidi, za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya huko, ya karibu 100. Ukiweka petroli ya kawaida ya kwetu kwenye ramani ya Japani, umeshapunguza usalama hata kabla ya kugusa spana.

Kwa hiyo, ukitaka kufanya kazi hii nyumbani, kifaa cha kwanza kununua ni geji ya uwiano yenye sensa ya masafa mapana, kama Bosch LSU 4.9. Sensa ya zamani ya masafa membamba inajua kusema tu kama uko juu au chini ya 14.7, haiwezi kutofautisha 11.5 na 13, na tofauti hiyo kwenye turbo ndiyo uhai wa pistoni. Ifungwe kwenye bomba la egzosi baada ya turbo, ikielekea juu, imeinama angalau digrii 10 kutoka usawa ili maji ya mvuke yasitulie ndani yake. Geji hiyo ikuonyeshe hali ya gari likiwa bado la kiwandani. Baadaye pampu, kisha nozeli pamoja na ramani yake, na mwisho kabisa hewa. Wengi hufanya kinyume.

Kufungua mfumo wa mafuta kunahitaji utulivu. Toa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini uiache ifanye kazi hadi izime yenyewe, halafu ondoa waya wa hasi wa betri. Hata hivyo petroli kidogo itatoka, basi weka kitambaa chini ya kiungio. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni na kujaa kwenye shimo la gereji, kwa hiyo fanya kazi nje, mbali na jiko, na usitumie taa ya balbu ya waya. Kizimamoto cha unga kiwe mkononi mwa mtu wa pili. Mpira wa mafuta uwe wa daraja la shinikizo la nozeli, ulioandikwa SAE 30R9. Mpira wa kabureta utapasuka. Ule unaozama ndani ya tangi ni mwingine, 30R10, kwa kuwa 30R9 ukizama kwenye petroli nje yake unalainika na kumumunyuka. Oringi za nozeli ziwe mpya na zipakwe oili safi kabla ya kusukumwa, maana ikikatika ukingo hutaiona. Ukimaliza, rudisha fyuzi au rilei na waya wa betri, washa switi bila kuwasha injini mara tatu au nne ili pampu ijaze mfumo, na upitishe kidole kikavu kwenye kila kiungio. Kidole kikiwa na unyevu wowote, zima switi na ufunge upya.