Meneja wa Mradi: Ukali Haufupishi Ratiba

Malalamiko tunayopokea kuhusu miradi iliyochelewa yamebadilika sura. Zamani yalihusu zaidi fedha kuchelewa. Siku hizi yanakuja hivi: "Ripoti zote zilisema tuko sawa, mpaka wiki ya makabidhiano." Hilo ni suala la uongozi.

Chukua kikao cha Jumatatu. Msimamizi wa eneo la kazi anasema michoro ya msingi haijaletwa na mteja, wiki ya pili sasa. Meneja anagonga meza: "Mimi sitaki matatizo, nataka kazi!" Wengine waliokuwa na lao la kusema wanafunika madaftari. Jumatatu inayofuata kila mmoja anasema tunaendelea vizuri, na meneja anatoka ameridhika.

Sasa hesabu siku. Katika mikataba ya ujenzi ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya 1999, mkandarasi anayedai nyongeza ya muda anatakiwa kutoa notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio. Tafadhali zingatia "alipopaswa kujua": ikiwa msimamizi alishasema kikaoni, ni vigumu kudai kwamba hamkujua. Siku 28 zikipita, haki ya nyongeza inapotea. Tarehe ya kukamilisha ikifika kazi haijaisha, fidia ya ucheleweshaji inahesabiwa kwa kila siku, hadi ukomo uliowekwa na mkataba, hata kama aliyechelewesha michoro ni mteja. Kila mkataba usomwe kwa masharti yake.

Kwa hiyo, tatizo likitajwa liandikwe siku hiyo hiyo kwenye rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kukwamisha mradi: tarehe, aliyelitaja, athari kwa muda na gharama, na jina la mtu mmoja wa kulishughulikia. Mtu mmoja, si "timu". Hili tumelirudia mno.

Bado tunaambiwa kwamba meneja mkali ndiye anayemaliza kazi. Si kweli, na dhana hii imegharimu zaidi ya fedha. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga cha Marekani, Challenger, walionya kuwa mipira ya kuzibia maungio haitahimili baridi. Meneja wao wa uhandisi akaambiwa na mkubwa wake aweke kando kofia ya uhandisi, avae ya umeneja, na urushaji ukaidhinishwa. Chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu 7. Onyo lilikuwepo.

Hatusemi kila ucheleweshaji ni kosa la meneja. Tunaomba tu kikao kijacho ukianze kwa swali hili: "Ni nini kinaweza kutuchelewesha?" Kisha subiri. Kimya cha kwanza kitakuwa kirefu, usikijaze wewe. Atakayesema, mshukuru mbele ya wenzake, na uandike alichosema akiwa anakuona.