Macho ya Mussorgsky

Kila muhula huwafundisha wanafunzi wangu kwa picha moja: ile ambayo Ilya Repin alimchora mtunzi wa muziki Modest Mussorgsky kwa rangi za mafuta, Machi 1881. Nikiionyesha, jibu la kwanza huwa lile lile: "Huyu mlevi." Pua nyekundu, nywele timutimu, ndevu hazijachanwa, joho la mgonjwa begani. Ni kweli pombe ilikuwa imemmaliza, na alikuwa amelazwa katika hospitali ya kijeshi mjini St. Petersburg. Lakini mwanafunzi anayeishia hapo ametaja ugonjwa tu. Uso bado hajausoma.

Basi huchukua karatasi nikafunika kuanzia puani kwenda chini. Hubaki paji la uso na macho, na darasa hunyamaza. Macho yale yamefifia, kijivu kinachoelekea samawati, yana unyevunyevu, na hayakutazami. Yameenda pembeni. Mimi huyaona kama macho ya mtu anayesikiliza kitu ambacho sisi tuliobaki chumbani hatukisikii. Mwingine huona hofu, na simkatalii, mradi anionyeshe ni wapi kwenye rangi ameiona.

Hapo ndipo kazi ilipo. Hali ya moyo haikai kwenye umbo la mdomo peke yake. Tazama pia brashi ilitulia wapi na wapi ilipita mbio. Kwenye joho la kijani Repin amepita kwa mipigo mipana, ya haraka. Alipofika kwenye macho na ngozi inayoyazunguka, akapunguza mwendo: waridi, kijivu, njano kidogo, tabaka juu ya tabaka. Na nyuma ya kichwa hakuweka giza, aliweka ukuta mweupe-mweupe. Wachoraji wengi hupenda giza kwa sababu linampa mtu haiba bila jasho. Mussorgsky hakupewa pa kujificha.

Yote hayo yalifanyika kwa siku 4, bila hata stendi ya kuchorea, Repin akijibanza kwenye meza ndogo. Walikuwa marafiki, na nadhani urafiki huo unaonekana: kichwa kimeinuliwa, mabega hayajaanguka. Siku 11 baada ya kikao cha mwisho mgonjwa alifariki, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 42. Picha iko Moscow, katika jumba la Tretyakov.

Mwishoni huondoa ile karatasi, na pua inarudi. Safari hii huwaomba wanafunzi waangalie ukosi wa joho: nao ni mwekundu, ndugu wa ule wekundu wa puani. Mchoraji mwoga angeipoza pua kwa rangi ya udongo ili kumstahi rafiki yake. Repin aliiacha ing'ae, akaupaka wekundu uleule chini yake, hadi jicho linapanda polepole kutoka kwenye ukosi, linapita puani, na kutua kwenye yale macho.