Nusukaputi na mkono unaowaka: yasemwayo na ukweli wenyewe

"Dawa imeniunguza, mshipa umepasuka." Hapa Malindi maneno haya hutoka wodini yakafika mtaani, na mgonjwa wa kesho huja thieta ameshaogopa. Mshipa haukupasuka, wala dawa si mbovu. Propofoli, dawa ya nusukaputi, ile nyeupe kama maziwa, huwasha ukuta wa mshipa kwa ndani. Isipokingwa, wagonjwa kama 6 kati ya 10 huhisi mkono ukiwaka. Ila ukiona mahali pa sindano panavimba, sema upesi: huenda dawa inamwagika nje ya mshipa.

Linalonichosha hasa mimi mtoa nusukaputi ni hili: "Nidungeni mgongo wa kiganja, huko hakuumi." Nikigusa kiwiko, mama anakificha ndani ya leso: pale, ati, ni pa kutolea damu tu. Jamani! Mshipa wa kiganja ni mwembamba, damu ipitayo ni kidogo, dawa inakaa imeugusa ukuta na kuuchoma. Kwenye kunjo la kiwiko mshipa ni mpana, damu inaenda kwa kasi, dawa inachanganyika na kuondoka. Kuchomwa kanula, ule mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani, ni uchungu wa mara moja, kwa hiyo mahali pachaguliwe kwa kuifikiria dawa itakayofuata. Kweli, ukikunja mkono dripu hukwama, lakini ukishalala sisi ndio tunaounyosha.

Kiwiko kikikosa mshipa wa maana, bado kuna njia. Tunaufunga mkono kwa mpira sehemu ya juu ya kanula, tunatia lignokeini, dawa ya ganzi, kwa mtu mzima kama miligramu 40, tunangoja dakika moja hivi, tunafungua, ndipo propofoli inaingia. Wenzangu mnaosema "avumilie tu, atasahau", wapo wasiosahau, na upasuaji wa pili wanaukimbia. Dakika moja haitavuruga orodha ya siku. Nawe mgonjwa, omba kiwiko au lignokeini bila haya.

"Mayai yananidhuru, basi nusukaputi siiwezi." Wengi wenye mzio wa mayai huipata propofoli salama. Kilichomo ni lesithini, aina ya mafuta ya kiini cha yai, na mzio huo mara nyingi hutokana na ute mweupe. Tutajie tu.

"Mla miraa hawezi kulala kwa nusukaputi." Hulala. Lakini miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo tuambie ulitafuna lini mara ya mwisho, hata kama mamako amesimama hapo kando.