Kupiga picha kinyago cha mpingo kwa simu uliyonayo

Wachongaji na wauzaji wa kazi za mikono hapa Mtwara wakija kwangu kujifunza picha, karibu wote huanza na swali moja: ninunue kamera gani? Huwa nawaambia wasinunue kwanza. Simu uliyonayo inatosha kuuzia vinyago, mikeka na vikapu. Jifunze mwanga, huo haununuliwi.

Nianze na mpingo, maana ndio unaosumbua wengi. Kamera yoyote, iwe ya simu au ya studio, haijui kwamba kitu kilicho mbele yake ni cheusi. Inapima mwanga na kuuvuta kuelekea ukijivu wa kati. Kinyago kikijaa kwenye picha, inadhani pana giza, inaongeza mwanga, na mpingo unatoka kijivu. Mteja wa Dar es Salaam akiuona anashuku ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Gusa kinyago kwenye kioo cha simu; katika simu nyingi kitatokea kialama cha jua. Kiburute chini mpaka weusi urudi. Mkeka mweupe wa ukili ni kinyume chake: kamera inaufifisha, kwa hiyo wewe pandisha.

Lakini ukishusha mwanga na kuishia hapo, kinyago kinakuwa kivuli tu. Mpingo uliopigwa msasa ukang'arishwa huakisi kilicho kando yake, basi uwekee kitu cheupe cha kuakisi. Kiweke kinyago mezani, ubavuni mwa mlango au dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Upande wa pili simamisha kipande cha boksi ulichobandika karatasi nyeupe. Sogeza boksi taratibu huku unatazama simu. Kuna mahali utaona mstari mwembamba wa mwanga ukianzia begani, ukashuka na mkono, ukafika kiunoni. Liache boksi hapo hapo. Kwa vinyago vya ujamaa, vile vya watu waliobebana kutoka chini hadi juu, mstari huo ndio unaotenganisha mtu na mtu. Ukikosekana, kazi ya wiki nzima inaonekana gogo. Flashi izime kabisa. Inaacha doa jeupe usoni na kufuta nakshi zote.

Jua la saa sita nalo liepuke. Mtwara tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na ikifika mwishoni mwa Februari, kisha tena nusu ya pili ya Oktoba, jua la mchana linapita utosini. Macho ya kinyago yanazama kwenye kivuli cha paji la uso. Piga asubuhi, au ingia barazani. Mkeka na kikapu vinapenda mwanga unaotokea pembeni, unaolala juu ya msuko, hapo kila ukili unaonekana ulivyopita. Ila angalia ukuta na kitambaa cha chini: kanga nyekundu inarusha wekundu wake kwenye bidhaa, na mteja atalalamika rangi si ile aliyoiona.

Futa lenzi kila mara, vidole vya kazi vina mafuta. Halafu usikisogelee mno kinyago. Kichwa kitavimba na miguu itakonda. Rudi nyuma kidogo, kisha ikuze picha kwenye kioo cha simu mara 2 (2x).

Wengi wanasahau picha ya kitako. Kama fundi ameacha ukingo wa mti mweupe unaozunguka moyo mweusi wa mpingo, uonyeshe, maana mnunuzi anayeujua mti huu atautafuta. Piga na nyingine yenye futikamba pembeni, na kama pana ufa, upige kwa karibu. Mteja akiuona ufa kabla ya kulipa, hana sababu ya kurudisha mzigo.

Ukimaliza, picha za mteja aliye tayari kununua zitume WhatsApp kama hati. Zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na vinavyopotea mwanzo ni vile vistari vyembamba vya patasi.